Jembe Lisilochimba

Wageni wetu kutoka Tulia, kaeni vizuri, sogeeni hapa ndani ya kivuli. Haki ya Mungu, haya nitakayowaambia ni kweli kuanzia pembe mpaka kwato, na asiyeamini aulize mtu yeyote hapa Kikima, mradi asimuulize mke wangu. Mnamwona yule beberu mweusi mwenye kitambi, amefungwa pale kwenye mparachichi? Ni wangu. Mkinikamata na uongo hata mmoja, mdogo kama punje ya wimbi, mchinjeni tumle leo leo, na miguu yake nitawashikia mimi mwenyewe. Mmezunguka tangu asubuhi mkiangalia mitaro ya kundi letu, mmechoka, na wale walioenda kuleta chakula bado hawajarudi. Jonah huyu hapa kando yangu ni shahidi, ingawa kwa sasa amefumba macho. Basi niwaambie habari za mzee aliyechimba ule mtaro wa juu kabisa, ule mliouliza kwa nini una shimo pana katikati, kama mahali tembo alilala.

Aliitwa Ndululu.

Ndululu alikuwa na miaka sabini na mbili, ila mdomoni mwake ilikuwa sitini na kitu, na hicho kitu hakuna aliyewahi kuonyeshwa. Kitambulisho chake kilikuwa kizima kote, isipokuwa pale penye mwaka wa kuzaliwa, palipokwanguka kama pamepitiwa na msumari. Mwenyewe alisema ni mende. Alikuwa mtu wa sura nzuri, tusifichane: mrefu, kifua mbele, meno mengi bado yako kazini. Alikuwa nyapara wa barabara miaka thelathini, na katika hiyo miaka thelathini hakushika jembe hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wengine linavyoshikwa. Alipostaafu akarudi kwake hapa mlimani, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemwona amechoka. Kuchoka alichokea nyumbani, mlango ukiwa na komeo.

Adui yake alikuwa goti la kulia. Kuna magoti yenye adabu, yanaumia kimya kimya mpaka mwenyewe afike kitandani. La Ndululu lilikuwa linapenda watu. Kanisani, wakati wa kusimama kuimba, lilikuwa linalia ka! kama kuni kavu, na watoto wa mbele wanageuka kutafuta nani amevunja benchi. Asubuhi, kabla hajatoa mguu nje ya blanketi, lilimwambia wazi: "Leo mimi siendi popote. Nenda na huyo mwenzangu." Ndululu akalibembeleza kwa mafuta ya kuchua, kwa maji moto, kwa majani ya kila aina, mpaka likakubali kufika chooni, na hata huko lilianza kuomba kurudi kabla shughuli haijaisha.

Mke wake, Syokau, akampeleka zahanati. Daktari alikuwa msichana mdogo hivi, kalamu mbili mfukoni, na alipomwona mzee anaingia akapandisha sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya mto.

"MZEE! UNAUMWA WAPI?"

"Masikio," akajibu Ndululu. "Tangu niingie hapa."

Msichana akaachana naye, akamgeukia Syokau. "Anakula vizuri?" Kama anayeulizia ndama.

"Anakula," akasema Syokau. "Anachobakisha ni sahani."

"Na usingizi?"

"Usingizi anao. Hata wa kugawa."

"Basi mnunulie fimbo. Atembee nayo kila mahali, na asibebe kitu kizito. Sawa mzee? TUMEELEWANA?"

Ndululu akaangalia nyuma yake kuona huyo mzee anayeambiwa ni nani. Nyuma kulikuwa na ukuta.

Fimbo ilinunuliwa siku hiyo hiyo, dukani kwa Tima pale sokoni, fimbo ya mti mgumu, kichwa chake kimechongwa ndege. Tima akaipangusa vumbi kwa ncha ya leso yake. "Hii itakuzika, mzee wangu," akasema, akiwa na maana kwamba ni imara. Ndululu akaibeba kwapani mpaka nyumbani kama mtu anayemsaidia mwingine mzigo, akapita nayo moja kwa moja nyuma ya jiko, akaichomeka ardhini penye maharagwe yanayotambaa. Wiki chache baadaye maharagwe yalikuwa yamefika kwenye mdomo wa ndege. Ilikuwa fimbo pekee Mbooni nzima iliyostaafu kabla ya kuanza kazi.

Sasa mtauliza, fimbo ina ubaya gani? Nyinyi pia mna mwethya huko kwenu, mnajua mambo yake. Alhamisi hii majirani wote tunachimba kwa fulani, Alhamisi ijayo kwa mwingine, na asiyetokea anatoa kuku. Lakini hapa kwetu kuna sheria moja zaidi, haijaandikwa popote: anayekuja na fimbo hapewi jembe. Anaonyeshwa turubai. Anakaa kivulini, analetewa uji wa kwanza, watoto wanamsalimia wameinama, na kuanzia siku hiyo maneno yake yanasikilizwa kama redio ya jirani. Akisema mtaro umepinda, wanamwambia, "Ndiyo mzee. Tuongeze sukari?" Mtu aliyekuwa na kauli juu ya wanaume arobaini na katapila moja, leo anaulizwa habari ya sukari! Kufa, Ndululu hakuogopa. Aliogopa turubai.

Na chini ya turubai alikuwepo Jonah, huyu huyu. Walikuwa rika moja, walitahiriwa siku moja, tena Ndululu ndiye hakulia. Jonah aliipokea fimbo yake kama mtu aliyepandishwa cheo. Aliitumia kuangusha maparachichi, kufukuza mbwa, kuonyeshea watu wasio na adabu, na nyumbani kuzima taa bila kuinuka kitini.

"Ndululu," akamwita kila Alhamisi, akipigapiga benchi. "Njoo. Nimekuwekea nafasi."

"Muwekee baba yako."

"Baba alishakaa hapa akaondoka. Sasa ni sisi."

Basi Ndululu akatafuta kitu cha kuegemea ambacho si fimbo. Alianza na mwavuli. Mwezi wa nane, kiangazi cha kupasua mawe, mzee anatembea na mwavuli uliofungwa, anaugongesha chini kila hatua. Akiulizwa, anasema ameona wingu. Siku ya tatu, mbele ya kanisa, mwavuli ukachoka. Ukajipinda katikati, ukafunguka hapo hapo, na Ndululu akashuka nao polepole mbele ya kwaya, kama askari aliyerushwa kutoka kwa ndege.

Akaja na baiskeli. Alikuwa anaisukuma tu, kwenda na kurudi. "Mbona hupandi?" "Tairi linapumzika." Mlima wetu mmeuona. Siku moja baiskeli ikaamua kushuka, naye hakuwa na nguvu ya kuizuia wala moyo wa kuiachia, wakaingia wote wawili dukani kwa Tima bila kubisha hodi.

"Karibu mzee wangu," akasema Tima kutoka nyuma ya magunia. "Ile fimbo imeharibika?"

Hapo ndipo akili ilimjia. Jembe! Ukiligeuza, chuma juu na mpini chini, kiganja kinakaa pale juu kama kiti na mtu wake. Na nani anamcheka mwenye jembe? Kesho yake asubuhi akatoka nalo, tak, tak, tak, mpaka sokoni, na Kikima yote ikasimama.

"Asi! Mzee, bado unalima?"

"Kwani nitakula nini?"

"Unatoka kuchimba wapi?"

"Kule chini," akasema, akionyesha kwa kidevu. Na huko chini kulikuwa chini kweli.

Kwa muda wa miezi miwili alikuwa mfalme. Jembe lilikuwa halijagusa udongo tangu linunuliwe, chuma kinang'aa kwa jasho la kiganja tu, lakini vijana wa bodaboda walimpisha njia na kumpigia honi. Wanawake waliwaamsha waume zao kwa jina lake: "Ndululu ameshapita na jembe na wewe unageuka upande wa pili!" Akachukiwa na wanaume wa nusu ya umri wake, na hakuna dawa ya goti iliyowahi kumsaidia kama chuki ile. Alianza hata kutoa mashauri. Aliwaambia watu kwamba uzee ni uvivu tu uliopewa jina zuri. Alisema hivyo mbele ya wagonjwa.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi, mvua zikinukia, mwethya ukapanga kazi kubwa: ule mteremko wa juu kwa mjane mmoja, mama Mutunga, wote uchimbwe fanya juu, ile mitaro ya kutupa udongo upande wa juu, kabla maji hayajaubeba udongo. Mwenyekiti wetu ni Kaveke. Mtamwona akija, ni mama wa miaka hamsini, mabega kama mlango, na daftari kwapani. Akaandika majina ya wachimbaji, akafika mahali pa majina ya kivulini, kalamu ikasimama.

"Mzee Ndululu. Nikuandike wapi?"

"Andika penye majembe."

"Yule daktari wa zahanati alisema..."

"Yule mtoto? Mimi nimevaa viatu vyenye umri mkubwa kuliko yeye." Watu wakacheka, naye kicheko kikampanda kichwani kama pombe. Akaona Jonah anapigapiga benchi tena. Akagongesha jembe chini. "Sikilizeni nyinyi nyote! Siku mtakayoniona nimekaa chini ya turubai hili, mchinje Waziri."

Waziri alikuwa beberu wake. Alimpa jina hilo kwa sababu alikuwa na kitambi, alikula kutoka kila shamba, na hakuna mtu aliyejua kazi yake hasa ni gani.

"Umesema?" akauliza Kaveke.

"Nimesema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu na mbele ya Jonah."

Kaveke akaandika, polepole, akitamka kila neno. "Alhamisi, kwa mama Mutunga. Hatua kumi na mbili ni zako, kina cha paja. Ukimaliza, jina lako halitoki kwa majembe mpaka ukufe. Usipomaliza, Waziri anaingia sufuria, na wewe unashika fimbo na kukaa na wenzako. Weka sahihi."

Akaweka. Goti likamwambia, "Hayo umesema wewe. Mimi sikuwepo."

Alhamisi ikafika. Ndululu akaja mapema, tak, tak, tak, shati ameingiza ndani ya suruali, akapewa hatua zake kumi na mbili katikati ya mtaro wa juu kabisa, wanawake upande huu, vijana upande ule. Wengine wakatema mate mikononi wakaanza. Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo mtu wa akili angeligundua miezi miwili mapema: alikuwa na jembe moja na kazi mbili. Likiwa chini, yeye anasimama lakini halichimbi. Akiliinua lichimbe, ndiye anaanguka. Alijaribu. Akaliinua mpaka kifuani, goti likatoa habari yake, ka!, akalirudisha chini haraka, akafanya kama aliyekuwa anapima uzito wake.

Basi akaanza na hekima. Akawafundisha vijana jinsi ya kuweka mguu. Akawasimulia barabara aliyojenga ya kupita mahali ambapo hata mbuzi walikuwa wanapita kwa kushikana mikia. Akanywa maji. Akaangalia mawingu, akayakosoa. Akaenda kumwonyesha mama Mutunga mwenyewe mpaka wa shamba ambalo ameishi ndani yake miaka arobaini.

"Mzee Ndululu!" akaita Kaveke kutoka ndani ya mtaro wake, udongo ukiruka juu ya bega lake. "Naona mdomo umefika kazini. Jembe liko likizo?"

"Linapoa!"

"Litapoa vipi na halijapata moto?"

Wakacheka mteremko mzima, na mara hii hawakuwa wanacheka naye. Kutoka kwa turubai Jonah akainua kikombe chake cha uji. Ndululu angeweza kuvumilia tusi. Kikombe kile kilimmaliza. Akatafuta mahali palipokuwa na kijishimo cha mtaro wa zamani, akateremka humo, akakaa. Ndiyo, akakaa! Matako chini, miguu imenyooshwa mbele, akalishika jembe karibu na shingo yake, akaanza kuchimba ameketi.

Na niwaambie, alichimba! Alichimba mbele ya miguu, akajisogeza kwa makalio, akachimba kushoto, akachimba kulia, udongo ukirushwa juu kama mbwa anatafuta mfupa. Vijana waliacha kazi kutazama. Mtu anayechimba amesimama anachoka mgongo. Huyu mgongo wake ulikuwa umeegemea ukingo kama bwana harusi kwenye sofa. Saa sita na nusu alikuwa amemaliza hatua kumi na mbili na ya kumi na tatu juu, na kina hakikuwa cha paja, kilikuwa cha kifua, kwa maana kila alipochimba alikuwa anajichimbia kiti kipya chini ya kile cha kwanza.

Kengele ya chakula ikagongwa. Watu wakapanda juu. Muthokoi ulikuwa umeiva, mahindi meupe yaliyokobolewa, maharagwe, kitunguu, harufu inateremka mlimani yenyewe. Ndululu akaweka mikono kando, akajisukuma.

Goti likasema, "Hapana."

Akajaribu upande. Akajaribu kwa kugeuka kifudifudi. Akaweka jembe chini aliegemee, mpini ukazama kwenye udongo laini alioulainisha mwenyewe. Baada ya kitambo kivuli kikamwangukia. Alikuwa Jonah, na sahani mkononi, anatafuna.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mbona hutoki?"

"Nakagua sakafu."

Jonah akatafuna. "Ni sakafu nzuri?"

"Iko sawa. Upande huu ndio nina shaka kidogo."

"Sisi wa turubai tumeshapakuliwa," akasema Jonah. "Tena mara mbili. Nikupe fimbo ushike?"

"Niondolee hicho kijiti chako usoni."

"Ni kweli wewe ni kijana," akasema Jonah, akarudi zake.

Na hapo, ndugu zangu, mvua ikanyesha. Ile ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, matone makubwa kama maembe. Huko juu watu wakapiga vigelegele, kwa sababu mtaro wa fanya juu umechimbwa ili ushike maji, nao ukaanza kuyashika. Yakaja mekundu kutoka mteremkoni, yakaingia kwa hatua ya kwanza, ya pili, ya sita, yakamkuta Ndululu. Yakafika kiunoni. Yakafika kifuani. Jonah akarudi mbio, kwa kadiri anavyoweza, akanyoosha fimbo yake. "Shika!" Ndululu akakunja mikono. "Shika, wewe mtu!" Akageuza uso. Maji yakamfika shingoni, na yeye anatazama mbele kama mtu anayepigwa picha.

Alifanya nini? Hakufanya kitu! Kwa kuwa alikuwa mtu mwepesi, mwenye moyo safi, maji yakamwinua. Yalimpandisha polepole kama kizibo, ameketi vile vile, mikono amekunja vile vile, mpaka yakamweka juu ya ukingo. Akasimama. Goti halikulia. Akaweka jembe begani, akapanda mpaka penye sufuria, hakuegemea mtu wala kitu, akamwambia Kaveke, "Pakua." Na Kaveke akapiga magoti kumpa sahani. Tangu siku hiyo hajaugua, anachimba kila Alhamisi, na Waziri wake yuko hai mpaka leo. Kweli tupu.

"Mzee," akasema mama mmoja wa Tulia, mwenye kitambaa cha njano, ambaye alikuwa ameniangalia kwa jicho moja tangu habari ya mwavuli. "Huyo Ndululu tunaweza kumwona?"

"Ah, amesafiri. Yuko Kyuso, anatafuta ndengu za mbegu."

"Niko hapa," ikasema sauti nyuma ya turubai.

Turubai likafunuliwa. Kaveke alikuwa amesimama hapo, mwiko mkononi, na nyuma yake Ndululu amebeba sufuria ya muthokoi begani. Ndululu ana miaka thelathini na nne. Anacheza mpira, namba tisa. Aliitua sufuria chini kwa mikono miwili, akasimama wima, bila mlio wowote.

"Magoti yangu yote yako sawa, mzee Mutisya," akaniambia. "Asante kwa kuyaulizia."

Wageni wakaanza kucheka, nikainua mkono. "Ni Ndululu mwingine! Ndululu mkubwa, wa ukoo wa..."

"Mzee Mutisya," akasema Kaveke, "sisi tumefika zamani. Tumesikia kuanzia penye goti. Hebu niambie. Goti la mtu likimwambia maneno asubuhi ndani ya blanketi, wewe uliyasikiaje?"

Nimesema uongo mbele ya wahandisi, mbele ya wachungaji, mbele ya mama mkwe. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali kama hilo.

"Alinisimulia."

"Goti?"

"Mwenyewe!"

"Sawa." Kaveke akageuka upande wa mparachichi, akaweka mikono mdomoni. "Waziri! We Waziri!"

Na yule mbuzi mjinga, ambaye nikimwita mimi huwa anajifanya hasikii, akainua kichwa, akajibu. Meee! Akajibu mara mbili, na akavuta kamba aje.

"Jonah," nikasema, "wewe ulikuwepo, waambie."

Jonah akafumbua macho. Nafikiri hakuwa amelala hata kidogo. "Mimi nilinyamaza kwa sababu habari za fimbo yangu alikuwa anazisema vizuri," akawaambia wageni. "Lakini hatua alizochimba ni nne. Na hakuinuliwa na maji. Maji yalifika hapa kwa kitovu, akaanza kuita mama yake, akashika fimbo yangu kwa mikono miwili. Mimi nilivuta, wanawake wanne wakavuta, tukamtoa, tukampeleka kwake na wilbaro. Watu wakiimba."

"Mvua ilikuwa inanyesha, hukuona vizuri," nikasema.

"Mimi ndiye nilikuwa nasukuma wilbaro," akasema Ndululu.

Kaveke akafungua daftari mbele ya wageni, akawaonyesha sahihi yangu. Ni sahihi nzuri, ina mkia. "Tangu Novemba tunamdai. Kila tukienda kumchukua Waziri, anasema ana mafua. Ana mimba. Beberu! Na leo anawaapia nyinyi kwa mbuzi ambaye si wake."

"Ngoja," nikasema. Nilikuwa bado na mlango mmoja. "Tulipatana vizuri, Kaveke. Mpaka mnione nimekaa chini ya turubai. Nani ameniona?"

Kaveke akafunga daftari. Aliangalia juu tu. Wageni wote wakaangalia juu. Nami nikaangalia juu, na kote ni turubai la buluu, na jua linapenya kwenye matundu matatu ninayoyajua vizuri. Nilikuwa nimekaa hapo tangu saa nne. Nilijiambia nawakaribisha wageni. Benchi lilikuwa na joto mahali pangu, na mahali penyewe palikuwa pamechukua umbo langu.

Syokau akafika wakati huo na chai. Huyo huwa haulizi kumetokea nini. Aliangalia nyuso, akamwangalia Waziri, akaweka birika chini, akateremka mpaka nyumbani. Aliporudi alikuwa na ile fimbo. Aliing'oa bila kuitoa maharagwe, mmea umeizunguka mpaka shingoni mwa ndege, maganda mawili yananing'inia mabichi. Akanikabidhi. Akachukua jembe langu, akaligeuza likae jinsi linavyopaswa kukaa, akampa Ndululu.

"Hili ni jipya kabisa," akamwambia. "Halijatumika."

Miguu nilishika, kama nilivyoapa. Nikainuka kwa fimbo, goti likasema ka! mbele ya Tulia nzima, na nikaenda mpaka kwenye mparachichi, na niseme kitu kimoja ambacho msimwambie Jonah: ni njia ambayo sikuwahi kuitembea kwa raha hivyo tangu mwaka juzi. Waziri alinitazama kama mtu aliyesalitiwa na chama chake.

Nyama ilipoiva wakaniletea maini. Laini, yaliyochemshwa mpaka yakasahau kwamba ni nyama, yamekatwa vipande vidogo vidogo. Walisema ni heshima. Mbavu zikapelekwa kwa Ndululu. Watoto wakaja kunisalimia wameinama. Kutoka pale nilipokaa nilikuwa naona mteremko wote, na nikaona wazi kwamba vijana wamekosea kamba ya kupimia, mtaro mpya unashuka upande wa kushoto, maji yote yatakimbilia kwa jirani.

"Kaveke," nikaita. "Kaveke! Ule mtaro umepinda."

"Ndiyo mzee," akasema Kaveke, akiwahudumia wageni. "Tuongeze chumvi?"